Jua la Tabora linachelewa: nguo na taa kwa sisi tunaotoka na baiskeli gizani

Mwezi wa saba hapa Tabora jua linachomoza kama saa 1:00 asubuhi. Dar siku hiyohiyo limeshatoka tangu saa 12:36, na ndugu zetu wa Kigoma wanalisubiri mpaka saa 1:12 hivi. Naanza na hili kwa sababu watu wengi wakiongelea baiskeli na kipupwe wanaongelea baridi tu, sweta na koti, wakati huku magharibi shida kubwa ni giza, na giza lenyewe halitokani na kipupwe peke yake, linatokana na saa. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa moja, yaani kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika nne, sasa Dar iko kwenye nyuzi 39 na ushee mashariki, sisi tuko karibu na 33, Kigoma haifiki hata 30, lakini nchi nzima tunafuata saa ileile. Ofisi ya serikali inafunguliwa saa 1:30 kule na huku. Mtu wa Kariakoo anayetoka nyumbani saa 12:30 anatoka kumekucha, mtu wa Tabora anayetoka muda huohuo anatoka usiku, hata kama redio imeshamaliza taarifa ya habari na majogoo yamechoka kuwika.

Mi naingia mjini kwa barabara ya Urambo, natokea upande wa Tumbi, na zamu yangu inaanza mapema kwahiyo sehemu kubwa ya njia naikata gizani kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane. Na siko peke yangu hata kidogo. Kuna wauza maziwa na madumu yao, kuna watu wa mkaa, kuna walinzi wanaorudi majumbani, kuna wanafunzi wawili kwenye baiskeli moja mmoja kakaa keria, kina mama wa mboga wanaowahi sokoni. Wote hao wako pembeni ya lami ileile wanayopita malori na mabasi ya kwenda Kigoma, na kwenye vipande vyenye miembe mikubwa giza linakaa zaidi, huku nje anga imeshaanza kuwa ya kijivu ila chini ya miembe bado huoni hata mkono wako.

Nianze na baridi niimalize haraka, maana dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe mawingu hakuna, kwahiyo joto lote la mchana linapaa usiku na alfajiri inakuta nyuzi 15 hivi, siku nyingine chini ya hapo. Mtu wa Makete, kule Njombe kwenye baridi kali, akisikia 15 atashangaa tunalalamika nini. Lakini 15 ukiwa umesimama mlangoni na kikombe cha chai sio 15 ukiwa juu ya baiskeli. Ukikanyaga mwendo wa kilomita 20 kwa saa hata kama hakuna upepo wowote umeshautengeneza wa kwako wa kilomita 20 kwa saa, na mwili unajizungushia hewa ya uvuguvugu karibu na ngozi, upepo unakuja unaifagia, mwili unatengeneza nyingine, inafagiwa tena, hivyohivyo mpaka unafika. Alafu kipupwe upepo wetu wenyewe unatoka kusini mashariki, na sisi tunaoingia mjini kutokea magharibi tunakwenda tumeuelekea. Kwahiyo ukitaka kuvaa vizuri kwa ajili ya baiskeli usifikirie unene wa nguo, fikiria upepo unaingilia wapi.

Unaingilia kifuani na mikononi. Basi. Mgongo haupati shida, miguu inafanya kazi inajipasha yenyewe, lakini kifua ndo kinapasua upepo na vidole vimeshika usukani havifanyi kazi yoyote, vimetulia tu vinapigwa. Ndo maana mtu anafika kazini mgongo una jasho na vidole haviwezi kufungua kufuli. Lile koti zito la mitumba lenye manyoya ndani ambalo kila mtu analikimbilia mwezi wa sita mimi silipendekezi kwa mtu wa baiskeli. Kilomita mbili za kwanza ni raha, ukifika ya nne unaloa jasho ndani, na jasho likishalowesha fulana ya pamba pamba inalishika, haliachii, ukisimama tu kwenye makutano kusubiri lori lipite unaanza kutetemeka kuliko ulivyotoka nyumbani. Unalifungua zipu, upepo unakutana na maji kifuani, hapo ndo mafua yenyewe yanaonekana kama yametumwa.

Kinachofaa ni koti jepesi la upepo, lile la kitambaa kinachopiga kelele kama mfuko, ambalo kwenye belo la mitumba watu wanaliruka kwa sababu halionekani kama la baridi. Juu ya fulana moja na shati jepesi, linatosha. Bodaboda wetu walishagundua siku nyingi, angalia wanavyovaa jaketi kinyumenyume, mgongo wa jaketi uko kifuani na zipu iko nyuma, upepo haupati mahali pa kupenya. Kwa baiskeli inafanya kazi vilevile na nyuma unapoacha wazi jasho linatoka. Na kama koti huna, chukua gazeti la jana, kunja mara mbili, weka kati ya fulana na shati kifuani. Waendesha baiskeli wa mashindano kule Ulaya, wale wa Tour de France, wamefanya hivyo miaka na miaka wakishafika kileleni mwa mlima kabla ya kuteremka, kwa sababu kwenye mteremko hukanyagi na upepo unakata. Ukifika unalitoa, unaanza kazi.

Kwenye mji wa Oulu, Finland, watu wanaendesha baiskeli kwenye theluji, watoto wanaenda nazo shule, na mwaka 2013 ulifanyika mkutano wa kimataifa wa baiskeli za majira ya baridi hukohuko. Waendeshaji wa nchi kama hizo wana ushauri mmoja ambao mi nauamini kabisa: ukitoka mlangoni inatakiwa usikie baridi kidogo. Ukiwa umeshaona joto safi kabla hujapanda, umevaa sana.

Mikononi, glavu yoyote inayozuia upepo. Za sufu za kufuma zinapitisha, ila ukivaa mfuko wa nailoni ndani yake hazipitishi tena. Soksi ya zamani iliyokatwa tundu la dole gumba pia inasaidia, cha msingi uweze kushika breki bila kupapasa. Mzula uzibe masikio mpaka chini, na shali au kipande cha kitenge mdomoni kwa ajili ya vumbi maana miezi hii kuna vumbi na kuna moshi wa watu wanaochoma mashamba na pori. Suruali mguu wa kulia uingize ndani ya soksi au ufunge na kipande cha tyubu isiingie kwenye cheni. Kina mama na dada wanaoendesha na kitenge, kava la cheni na wavu wa pembeni kwenye gurudumu la nyuma ni vitu vya kudai kabla hujailipia baiskeli, sio baadae. Na beba shati kavu kwenye mfuko, ukifika badilisha. Hayo ya baridi yameisha.

Sasa taa. Hapa ntakaa.

Kitu cha kwanza ambacho ningeomba kila mtu akikubali ni kwamba taa ya baiskeli ina kazi mbili tofauti, kuona na kuonekana, na sisi wote tunaanza na ya kuona kwa sababu ndo tunayoihisi. Unaogopa shimo, unanunua tochi. Lakini barabara unayopita kila siku unaijua, mashimo unayajua kwa majina. Anayekuja nyuma yako hakujui. Gari likienda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde, na dereva aliyeshusha taa kwa sababu kuna mwenzake anakuja mbele anaona vizuri kama mita 50 hivi. Hesabu mwenyewe, ni sekunde mbili na kitu, na ndani ya hizo anatakiwa akuone, atambue wewe ni nini, aamue, mguu uende kwenye breki, breki ishike. Kama umevaa koti jeusi na baiskeli haina kitu nyuma hata hizo mita 50 hupati, unaonekana umeshakaribia. Kwahiyo hela ya kwanza, kama ni moja tu, iende kwenye taa nyekundu ya nyuma. Mbele utajikongoja na tochi ya simu kwa wiki moja mpaka upate nyingine. Nyuma usikae hata siku moja.

Na iwe nyekundu. Nimeona vijana wanafunga taa nyeupe nyuma au hizi za rangi rangi zinazobadilika bluu na kijani, zinapendeza, lakini dereva akiona nyeupe mbele yake anajua kuna mtu anamjia, akiona nyekundu anajua kuna mtu anaenda anakoenda yeye. Ukimchanganya hapo umemchanganya kwenye jambo ambalo anaamua ndani ya zile sekunde mbili.

Kuhusu kumwekamweka, watu wanabishana dunia nzima. Ujerumani taa ya baiskeli inayomwekamweka hairuhusiwi barabarani, Uingereza waliiruhusu mwaka 2005. Sababu za pande zote mbili zina akili: inayomweka inavuta jicho haraka, ila jicho linashindwa kupima iko mbali kiasi gani. Mi nafunga ya kuwaka mfululizo kwenye baiskeli, na kama nina ya pili ndogo naiweka imweke kwenye begi. Ikiwa moja tu, iache iwake mfululizo.

Baiskeli nyingi za wazee wetu, zile Phoenix na Avon za chuma, zilikuwa na dainamo, ile chupa ndogo inayosugua ubavu wa tairi. Vijana wanaing'oa wanaona inafanya gurudumu kuwa zito. Jamani msiing'oe. Dainamo ya kawaida ni volti 6 na wati 3, wati 2.4 zinaenda taa ya mbele na 0.6 nyuma, haihitaji kuchajiwa, haihitaji umeme wa nyumbani ambao unaweza kukatika usiku ule ule ulioisahau tochi yako. Kero zake zinatibika. Nina fundi wangu mmoja mjini, mzee, nilimpelekea dainamo inazunguka vizuri kabisa na taa haiwaki.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, mwangaluka. Leta tuone."

Hakugusa balbu wala waya. Alilegeza bano la dainamo, akachukua kipande cha msasa akakwangua rangi ya fremu pale bano linaposhikia, sehemu ndogo tu kama ukucha, chuma kikang'aa, akakaza tena. Akazungusha gurudumu kwa mkono, taa ikawaka. "Waya ni mmoja tu huu," akasema, "umeme unaenda kwa waya unarudi kwa fremu. Rangi na kutu vinaziba njia ya kurudi." Alafu akalala karibu chini akitazama chupa ya dainamo kwa jicho moja, akaisogeza mpaka mhimili wake ukaelekea katikati ya gurudumu, kwenye ekseli kabisa, akasema ikikaa upande inakula tairi na ndo inayoleta ule uzito watu wanaolalamikia. Na kweli uzito ulipungua, nilisikia siku hiyohiyo.

Jambo lingine alilonifundisha ni kwamba balbu ya nyuma ikiungua, umeme wote unamiminikia ya mbele, ukishuka mteremko mdogo tu kwa kasi nayo inaungua. Ndo maana watu wanasema dainamo inaunguza balbu. Ukiona ya nyuma imekufa, simama, usitembee hivyohivyo. Siku hizi kuna taa za LED za dainamo, kwa wati zilezile mwanga ni mkubwa mno ukilinganisha na balbu ya zamani, na nyingine zina kihifadhi umeme kidogo ndani kwahiyo ukisimama taa inaendelea kuwaka dakika chache. Hiyo ni muhimu, maana dainamo ya zamani ukisimama katikati ya barabara kusubiri kukata kulia unapotea kabisa gizani pale ambapo ungetaka kuonekana zaidi.

Wasio na dainamo wanatumia tochi za kuchaji, zimefungwa na mpira wa tyubu kwenye usukani. Sawa tu, ila mambo mawili. Moja ni betri. Zile betri za lithiamu nene kidogo kuliko za rimoti, zimeandikwa 18650, utakuta nyingine imeandikwa mAh 9900 (mAh ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kutunza) kwa maandishi makubwa. Hakuna betri ya saizi hiyo yenye uwezo huo, nyingi zilizo bora zinafika 3500 hivi. Aliyeandika 9900 amekudanganya mchana, na mara nyingi ndani kuna chini hata ya 1500. Uzito nao unasema, betri nzima ya aina hii ina uzito wa gramu 45 kwenda juu, ukiishika ikawa nyepesi kama boksi tupu irudishe. La pili ni pa kuielekeza. Watu wanaielekeza mbele mbali kama wanawinda, mwanga wote unaingia machoni kwa wanaokuja, dereva anapofuka na wewe ndo uko mbele yake. Inamisha mpaka katikati ya mwanga igonge lami kama mita nane au kumi mbele ya gurudumu. Mashimo ya mbele yako utayaona vizuri zaidi kwa sababu mwanga unaangukia lami badala ya kupotea hewani.

Alafu riflekta. Kizibao cha njano cha bodaboda ni kizuri lakini watu hawajui kina vitu viwili ndani yake. Ile rangi ya njano inayowaka inafanya kazi kwa kugeuza miale isiyoonekana ya jua kuwa mwanga unaoonekana, kwahiyo alfajiri ikishaanza kupambazuka inasaidia sana, usiku wa manane haikusaidii kitu zaidi ya shati jeupe. Usiku zinazofanya kazi ni zile mistari ya kijivu, zinarudisha mwanga kulekule ulikotoka, yaani kwenye taa za gari na macho ya dereva yaliyo juu yake, ni mambo yaleyale ya vijicho vya katikati ya barabara alivyobuni Percy Shaw wa Uingereza mwaka 1934. Sasa mtu anavaa kizibao alafu juu yake anabeba begi. Mistari yote imefunikwa. Kama una begi, stika iwe kwenye begi.

Ila pa kuweka riflekta kuliko pote ni miguuni. Mwaka 1973 mtaalamu wa saikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, alionyesha kwamba ukimfunga mtu vitaa vidogo kwenye viungo, magoti, vifundo vya miguu, viwiko, ukazima taa zote, anayetazama akiona zile nukta zikitembea anatambua papo hapo kuwa ni binadamu, zikisimama haoni kitu zaidi ya nukta. Miguu inayokanyaga inapanda na kushuka, na hakuna kitu kingine barabarani kinachofanya hivyo. Dereva haoni tu kwamba kuna kitu, anajua ni mtu wa baiskeli. Kipande cha stika ya riflekta kwenye kisigino cha kiatu, kingine kwenye ile kamba ya tyubu uliyofungia suruali, na riflekta za njano za pedeli zilizokuja na baiskeli usizitupe zikilegea, kaza.

Wanaoniumiza roho zaidi ni watu wa mkaa. Gunia mbili au tatu kwenye keria, zimepanda juu kuliko kichwa cha mwenyewe, na riflekta ya madigadi iko kule chini imefunikwa, taa kama ipo imefunikwa, na gunia lenyewe lina rangi ya vumbi na mkaa. Mtu huyo ametoka nyumbani saa nane au tisa usiku, anasukuma kwa miguu kwenye vilima, amechoka, anayumba. Kwake taa isifungwe kwenye baiskeli, ifungwe kwenye mzigo. Ile stika ya kukata kwa mita inayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya pikipiki na malori haigandi kwenye gunia, lakini ikibandikwa kwenye kipande cha dumu la plastiki lililokatwa, likatobolewa matundu mawili na kufungwa na kamba ileile ya gunia, inakaa safari zote na inahamishwa mzigo ukishushwa. Nimeshawatengenezea wachache ninaokutana nao kila siku, tunasalimiana kwa mbali sasa maana nawaona kabla hawajanifikia. Wenye maduka ya jumla ya mkaa mjini mnaonunua kwa hawa watu, mita moja ya stika inatoka vipande vya kutosha watu kumi, tafadhali wapeni.

Na jua likitoka usizime. Hili ni la kwetu sisi wa barabara ya Urambo na yeyote anayeingia mjini kutokea magharibi. Kuanzia saa 1:05 mpaka karibu saa 2:00 jua liko chini kabisa mbele yetu, na liko mbele ya dereva anayekuja nyuma yetu pia, kioo chake kina vumbi la kipupwe, likipigwa na jua kinakuwa cheupe chote. Wewe una raha umeshapata mwanga na joto, yeye ndo haoni kitu. Ile taa nyekundu iache iwake, kaa kushoto kabisa, na ukisikia injini nzito nyuma na kivuli chako ni kirefu kinaelekea kwake, shuka kwenye vumbi mpaka lipite. Jioni tunaporudi ni hivyohivyo, jua linazama kama saa 12:50 na liko tena mbele yetu, kwahiyo taa ya nyuma iwake kuanzia saa 12 hata kama bado kweupe. Kwa Kigoma ongeza dakika 12 kwenye hizo saa zote.